Nani Apokee Simu Kati ya Uvira na Baraka?

Mfanyabiashara wa Baraka, mashariki mwa Kongo, mwenye Hiace mbili za abiria anataka kuzifungia vifaa vya kuongelea simu bila kuishika. Amemwona dereva wake akiendesha kwa mkono mmoja, simu ameibana kati ya bega na sikio, kule Makobola ambako barabara ya taifa namba 5 imesongwa na mlima upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Nia yake ni njema, na pesa anazo. Lakini kabla ya kuuliza kifaa gani kinunuliwe, kuna swali lililo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike: simu ikilia ndani ya gari linalotembea, nani aipokee? Sauti zinazofuata nimezipanga mimi, kama zinavyogongana kila siku kwenye parkingi. Majina sikuyaweka, kazi ya kila mmoja inatosha kumtambulisha.

MWENYE GARI: Sioni ugumu uko wapi. Mkono ulio kwenye simu hauko kwenye usukani. Tuutoe kwenye simu, basi. Fundi aniambie kipi kizuri, nilipe, gari liende Uvira.

DEREVA: Mama, mimi nashukuru hata kabla hakijafika. Ila usidhani tunapokea simu kwa kupenda maneno. Barabara hii inaishi kwa simu. Mwenzangu aliyetangulia akifika Mboko ananiambia mto umejaa, au bariyeri mpya imewekwa, au kuna risasi na watu wanarudi mbio. Septemba 2017, vita vya Yakutumba, kiongozi wa Mai-Mai, vilipofika mpaka kwenye milango ya Uvira, waliokuwa njiani walitegemea nini kama si simu? Huko kwingine wanasema dereva azime simu mpaka afike. Huku, dereva aliyezima simu anaweza kuwapeleka abiria moja kwa moja kwenye moto.

MUUGUZI: Hilo silipingi, papa. Ninachopinga ni kuamini kwamba mkono ukiwa huru, kichwa nacho kimekuwa huru. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kanada, Redelmeier na Tibshirani, walifuatilia madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na waliogonga. Walilinganisha saa ya ajali na saa za simu kwenye rekodi za kampuni. Waliona hatari ya kugonga inakuwa karibu mara nne mtu anapotumia simu. Na waliokuwa na vifaa vya kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama kuliko wenzao. Mwaka 2005 utafiti wa Perth, Australia, ulifika palepale: mara nne, ukishika simu au usiishike.

MWENYE GARI: Dokta, hao ni watu wa barabara za lami. Kwetu gari linatembea polepole.

MUUGUZI: Polepole kiasi gani? Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde linakula karibu mita 17. Kusema tu "niko njiani, nitakupigia" ni sekunde tano. Hizo ni zaidi ya mita 80. Hebu ziweke mita 80 pale Lusenda, penye kambi ya wakimbizi wa Burundi tangu 2015, watu wakitembea kando ya barabara na mizigo kichwani, mbuzi katikati, pikipiki zikiingia bila kutazama. Na si kwamba dereva anafumba macho. Macho yanatazama, ila hayapeleki habari kichwani. Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kiliwaweka madereva kwenye gari la kuigiza, lisilotembea, wakiongea na simu bila kuishika, na wakapitwa na vitu vilivyokuwa mbele ya macho yao kabisa. Akili inamfuata anayeongea.

DEREVA: Basi hata abiria akiniongelesha ni ajali.

MUUGUZI: Hapana, na hapo ndipo pa kusikiliza vizuri. Chuo kilekile kilitoa utafiti mwingine mwaka 2008. Dereva aliyekuwa na rafiki yake garini aliendesha vizuri kuliko aliyeongea na rafiki huyohuyo kwa simu. Sababu ni kwamba aliye ndani anaiona barabara. Mambo yakiwa magumu ananyamaza, au anasema "angalia huyo." Aliyeko Bukavu anaendelea kukuuliza hesabu za magunia wakati wewe unapishana na lori la Fuso pembeni ya ziwa.

Nitazungumza hapa kidogo mimi mwandishi, kwa sababu mara nyingi mazungumzo haya huishia kwenye sheria, nayo haitufikishi mbali. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati ambapo hakuna Mkongo aliyekuwa na simu mfukoni. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara uliongezewa kipengele mwaka 2006: kila nchi iliyojiunga imkataze dereva kushika simu gari likiwa katika mwendo. Kipengele hicho kinataja simu ya kushikwa mkononi. Ndiyo maana dunia nzima imejifunza kuitazama mikono, na watengenezaji wakatuuzia uhuru wa mikono. Mwaka 2011 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilipendekeza kwamba dereva asiongee na simu isipokuwa kwa dharura, hata ile asiyoishika. Walioitikia ni wachache. Mimi naiamini bodi hiyo, lakini najua pia kwamba dereva wa barabara hii hawezi kuwekwa gizani. Kwa hiyo tumwache fundi aseme ya kwake, kwa sababu kifaa kibaya kinazidisha lile baya ambalo muuguzi amelieleza.

FUNDI: Dokta amesema ya kichwa, mimi niseme ya waya. Mama, sokoni utaonyeshwa vya aina tatu. Cha kwanza ni kile kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Kinaungana na simu kwa Bluetooth, kisha kinarusha sauti kwa mawimbi ya FM, redio ya gari inaipokea kama inavyopokea kituo chochote. Huna haja ya kufungua dashibodi, bei yake ni ndogo, na ndicho wengi wanachokimbilia. Sasa ubaya wake. Hiace yako imetoka Japani, na redio yake ni ya Japani. Redio za zamani za kule zinaanza 76 zinaishia 90. Kifaa kinarusha kuanzia 87.5 mpaka 108. Ukikiacha kwenye 98 au 104, redio ya gari haitakisikia hata ukae hapo mpaka jioni. Vinakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 mpaka 90, na hapo nako utafute mahali ambapo hakuna kituo kinachotangaza. Watu wanavirudisha dukani wakisema vimekufa, kumbe ni vizima.

DEREVA: Changu kilifanya hivyohivyo. Kilipokubali, niliyempigia akaanza kulalamika kwamba hanisikii.

FUNDI: Kwa sababu maikrofoni yake iko humohumo kwenye tundu, chini, jirani na gia. Na Hiace injini yake iko wapi? Chini ya viti vya mbele, umeikalia. Sauti yako inatoka juu, dizeli inaunguruma chini, na kifaa kinaisikia dizeli kwanza. Ongeza kioo kilichoteremshwa kwa ajili ya joto na vumbi linaloingia. Unajua madereva wanafanya nini? Wanainama. Mtu anaiinamia gia ili asikike, macho yameshuka, na mikono yote miwili iko kwenye usukani.

MUUGUZI: Huyo ndiye ninayemsema mimi.

FUNDI: Cha pili kinabanwa kwenye kile kibao cha kuzuia jua, juu ya paji la uso la dereva. Kina betri yake, spika yake na maikrofoni yake. Kinachajiwa kama simu. Hakigusi waya hata mmoja wa gari. Maikrofoni iko karibu na mdomo, na dereva haondoi uso barabarani. Udhaifu wake ni spika: ndogo, na Hiace iliyochoka ina kelele. Lakini kwa gari la zamani lenye redio mbovu, mimi nachagua hicho kuliko cha FM, na sitafuti hata sababu ya pili.

MWENYE GARI: Na cha tatu?

FUNDI: Cha tatu ni cha kufungwa kwa waya. Kampuni ya Parrot ya Paris ilijulikana kwa vifaa hivyo. Siku hizi wengi wanaweka redio mpya yenye Bluetooth ndani yake na maikrofoni ya pembeni yenye waya mrefu. Hapo sauti inatoka kwenye spika za gari, dereva anasikia vizuri. Ila ndipo wanapoharibu magari ya watu. Kifaa kinataka nyaya tatu za umeme: mmoja wenye moto wakati wote, mmoja unaopata moto ukifungua kontakti ya ufunguo tu, na wa tatu ni wa bodi. Fundi mvivu anaunga ile miwili ya kwanza pamoja kwenye moto wa kudumu. Kifaa kinawaka, anakupa gari, unamshukuru. Hakilali usiku kucha, kinanyonya betri, na kikirudia siku mbili tatu gari limesimama, asubuhi mnasukuma.

DEREVA: Rangi za nyaya si zinaonyesha?

FUNDI: Usiziamini, papa. Kila mtengenezaji ana rangi zake, na hizi Hiace zimepita mikononi mwa mafundi wengi kabla hazijafika Baraka. Nachukua multimeta. Kontakti imefungwa, napima: wenye volti 12 ni wa kudumu. Nafungua kontakti, napima tena: ulioamka sasa ndio ninaoutaka. Waya wa bodi naufunga kwenye chuma, rangi nimeikwangua mpaka king'ae, la sivyo utasikia injini ikilia ndani ya spika. Fyuzi ndogo naiweka karibu na pale ninapochukulia umeme. Viungo navilehemu, kusokota na kufunika kwa utepe kwenye barabara hii hakumalizi msimu wa mvua. Nyaya zinapita chini ya plastiki, zisining'inie karibu na pedali. Maikrofoni naiweka juu ya nguzo ya mlango upande wa dereva, au kando ya kile kibao cha jua, mbali na spika. Ukiiweka mbele ya spika, anayekupigia anajisikia mwenyewe akirudi.

Huyu fundi amenishika. Anaeleza kazi yake kwa upole ule wa mtu aliyefungua dashibodi zilizoharibiwa na wengine, na ningependa kila mwenye gari amsikilize kabla hajatoa pesa. Nilimwomba aongeze neno kwa wenye malori, kwa sababu Fuso zinazobeba mchele na bia nazo zina madereva wenye simu.

FUNDI: Fuso nyingi ni volti 24, betri mbili zimeungwa kwa kufuatana. Ukichomeka kifaa cha volti 12, kinaungua papo hapo. Soma maandishi yake: kiwe kimeandikwa 12–24. Kuna wanaochukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili ili wapate 12. Kinafanya kazi, ndiyo, lakini betri hiyo inanyonywa kuliko mwenzake, chaja ya gari inazijaza kana kwamba ziko sawa, moja inabaki na njaa, nyingine inashibishwa kupita kiasi. Baada ya muda unanunua zote mbili. Weka kigeuzi cha kuteremsha 24 kuwa 12.

DEREVA: Sasa fundi, mbona hujataja spika za masikioni? Mimi ninazo, nimezinunua kwa franka chache, na sihitaji fundi.

MUUGUZI: Ufaransa wamezikataza. Tangu tarehe 1 Julai 2015, anayeendesha gari, pikipiki au hata baiskeli haruhusiwi kuwa na kitu sikioni cha simu wala cha muziki. Na huko barabara hazina watu wanaogonga bodi ya gari kukuambia simama. Huku sikio ni kioo chako cha tatu. Fuso inapiga honi kwenye kona usiyoiona. Konvoyeri, msaidizi wako garini, anapiga bodi mara mbili. Mama wa nyuma anapiga kelele kwamba mtoto amebaki chini. Yote hayo yanaingia sikioni.

DEREVA: Waambie basi na motari, hao wa pikipiki, dokta. Wao wanachomeka simu ndani ya kofia ngumu, sikio limebanwa, na wanaongea kuanzia hapa mpaka Mukera.

MUUGUZI: Nao nawaambia. Simu ikianguka, mtu anaidaka kwa mkono wa breki.

Sasa tumerudi kwa mwenye gari, na kuna jambo lazima niliseme bila kulizungusha. Mara nyingi anayempigia dereva akiwa barabarani si mwenzake wa mbele anayetoa habari za mto na bariyeri. Ni mwenye gari mwenyewe. Anauliza abiria ni wangapi, mafuta yamebaki kiasi gani, kwa nini umechelewa kutoka Mboko. Kifaa kikishafungwa, sababu ya dereva ya kutopokea inakuwa imekwisha. Kwa hiyo kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya usalama kinaweza kuzaa simu nyingi zaidi kuliko zamani, na kila moja ni mita 80 za mtu asiyeona.

MWENYE GARI: Mwandishi, gari ni mali yangu. Nisijue liko wapi?

DEREVA: Ujue, mama. Ila nikwambie ukweli ambao sijawahi kukwambia. Simu ya mwenzangu inachukua nusu dakika: "Mto uko sawa, pita." Yako inachukua kilomita mbili. Na siwezi kukukatia.

MUUGUZI: Wenye magari ya mashirika hapa Baraka wana redio ndani ya gari, lakini anayeongea si dereva.

DEREVA: Kweli. Nilipokuwa dereva wa shirika moja, aliyekaa kando yangu ndiye aliyeshika redio, akasema tumepita wapi. Mimi nilitazama mbele. Lakini lile lilikuwa Land Cruiser lenye usukani kushoto. Hiace ya mama usukani uko kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia. Nikitaka kuipita Fuso, mimi nimekaa upande wa mtaro, sioni kinachokuja. Konvoyeri ndiye macho yangu. Ananiambia "bado", ananiambia "pita." Mkimpa simu, mmeniachia nani?

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa, na inatoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti chenyewe. Hakuna kitabu cha maelekezo ya kifaa kilichoandikwa kwa ajili ya gari la Japani lililopita Dar es Salaam, likavuka mpaka, likafika kwenye nchi inayoendesha upande usio wake. Ni vyema tumsikie yule ambaye kila mtu anamgawia kazi.

KONVOYERI: Shikamooni. Mnanipa simu, mnaniondolea simu, hakuna aliyeniuliza. Mimi nakubali kupokea, lakini kwa utaratibu wangu. Kwanza, iwe simu ya gari, isiwe yangu. Yangu ikilia, ni watu wangu; sitajua ipi ni ya kazi. Iwe na laini mbili, Airtel na Vodacom, maana moja ikipotea nyingine inaweza kushika. Na mwenzetu wa mbele aijue namba hiyo, apige hapo, asimpigie yaya, kaka yangu huyu anayeendesha.

DEREVA: Na mimi?

KONVOYERI: Wewe, yaya, kifaa cha fundi kiwepo kwa ajili yako wakati nimeshuka kukusanya nauli au nimebaki nyuma na mizigo. Ukipokea, useme maneno mawili, au usimame pembeni. Mkiniuliza, kile cha kubana juu kinatosha. Hatuhitaji muziki kwenye spika nne.

FUNDI: Nakubaliana naye. Kwa Hiace hizi mbili, cha kubana juu. Mama atabakiwa na pesa za betri.

KONVOYERI: Pili, nikiwa natazama mbele kwa ajili ya kupita gari, simu italia mpaka inyamaze. Hata kama ni mama.

MWENYE GARI: Hata kama ni mimi?

KONVOYERI: Hata kama ni wewe, mama, kwa heshima zote. Usipige mara ya pili. Nitakupigia tukifika Mboko, na nitakupigia tukifika Uvira. Ukitaka zaidi ya hapo, tuongee kabla gari halijatoka.

MWENYE GARI: Na kama kuna msiba nyumbani?

KONVOYERI: Hapo ndipo hasa asipokee dereva. Uniambie mimi, nitamsimamisha, ashuke, aambiwe akiwa amesimama chini.

MWENYE GARI: Hilo nakubali. La kutopiga mara ya pili, sijui kama nitaliweza.

DEREVA: Basi namba yangu uifute kwenye simu yako, mama, ubaki na hiyo ya gari.

MWENYE GARI: Inite, salio la simu hiyo, nani atanunua?

KONVOYERI: Hilo nililiacha la mwisho kwa makusudi. Utanunua wewe, kila safari, kabla hatujaondoka parkingi. Na kule njiani, mtandao ukikatika, usiseme tumezima.